Waheshimiwa, tweka tanga la Zanzibar kwenye michezo ya visiwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar. Kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Na kwa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Assalaam alaykum, waheshimiwa.

Mwaka 2027 Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi imepangwa kufanyika Komoro. Michezo hii ilianzia Réunion mwaka 1979, na tangu hapo imekuwa ikizunguka baina ya Réunion, Mauritius, Madagaska na Shelisheli, na sasa zamu imewafikia jirani zetu wa Ngazija. Wanaokutana humo ni saba: Komoro, Madagaska, Maldivi, Mauritius, Mayotte, Réunion na Shelisheli. Sisi hatumo. Unguja na Pemba ziko kwenye bahari ile ile, Mji Mkongwe una koo kadha wa kadha zenye jamaa Moroni na Mitsamiouli, lakini siku ya ufunguzi vijana wetu huwa watazamaji wa simu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli ya serikali, Mkoa wa Kusini Unguja, na ni mtoto wa baharia wa Pemba. Nawaandikia kwa ajili ya michezo miwili ambayo Mzanzibari alipaswa kuwa hodari wayo kabla ya mwengine yeyote katika pwani hii: mashindano ya mashua za tanga na mashindano ya ubao wa tanga, ambao mtu husimama juu yake akilishika tanga kwa mikono. Naomba kijana wetu apate njia inayojulikana, ya wazi, itakayomtoa kwenye ngalawa ya babake mpaka kwenye mstari wa kuanzia wa michezo ya kanda hii, iwe ya visiwa au ya Afrika.

Siombi uwanja. Tumeuona Uwanja wa Amaan ukifunguliwa upya Disemba 2023, tukaona mwaka 2025 mechi za CHAN zikichezwa pale, na AFCON ya 2027 inakuja kwetu Afrika Mashariki. Nimefurahi kama Mzanzibari mwengine yeyote. Mpira umepata haki yake. Lakini mchezo wa tanga uwanja wake Mungu ameshatupa, na pepo zake mbili zinakuja kwa zamu kila mwaka bila ya zabuni.

Najua jibu litakalotangulia. Nitaambiwa Zanzibar si nchi mwanachama, mambo ya nje yanapitia Muungano, tuvute subira. Jibu hili tumelizoea kwenye mpira: mwaka 2017 CAF ilitupokea mwezi wa Machi ikatutoa mwezi wa Julai, na maumivu yale hayajesha. Lakini michezo ya visiwa ina desturi yake. Réunion na Mayotte ni sehemu ya Ufaransa, hazina viti Umoja wa Mataifa, na zote mbili zinapeleka wanamichezo na zinarudi na medali. Sisemi kwamba jambo hilo halina mivutano. Mwaka 2015, kule Réunion, Komoro waliitoa timu yao kwenye michezo kwa sababu ya Mayotte na bendera ya Ufaransa. Kwa hiyo anayetaka kuingia lazima aingie kwa adabu na kwa mazungumzo. Na ikiwa kuna watu wanaoweza kukaa na Wakomoro kwenye mkeka mmoja wakaelewana kwa salamu tu, ni sisi. Naomba Baraza na Kamati ya Olimpiki wakae pamoja, waandike barua moja, waombe Zanzibar ialikwe, japo kwa kuanzia na michezo michache, na tanga liwe la mwanzo kwenye orodha hiyo. Mchezo huu si mgeni kwao. Shelisheli walipokuwa wenyeji mwaka 2011 ulikuwamo.

Upande wa Afrika hakuna hata kikwazo hicho cha uanachama, maana Kamati ya Olimpiki Tanzania ipo na ndiyo yenye dhamana. Michezo ya Afrika ya Maputo mwaka 2011 ilikuwa na mashindano ya tanga. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza ya Olimpiki kupewa ardhi ya Afrika, imeuweka mchezo wa tanga kwenye ratiba. Milango hii inafunguliwa kwa mwenye wachezaji walioandikishwa, waliopimwa, na waliokwishashindana. Sisi tuna mabaharia wengi, na hatuna wachezaji walioandikishwa.

Sasa niruhusuni niingie kwenye mchezo wenyewe, maana nahofia wengi wanaotoa maamuzi wanaujua kwa kuuona Forodhani, siku za sherehe, ngalawa zinapopita na watu wanapiga vigelegele.

Resi yetu ya ngalawa ni nzuri na nisingependa ibadilishwe. Kila chombo kina umbo lake, maana kimechongwa kwenye gogo lake. Vyombo vinaondoka pamoja, vinakwenda kulizunguka boya au kisiwa, na anayerudi mwanzo ndiye bingwa. Ni mbio moja. Nahodha anaweka humo kila alichonacho, jioni anapewa zawadi yake, na mambo yamekwisha mpaka mwakani.

Mashindano ya kimataifa yana mpango mwengine kabisa. Vyombo vyote ni sawasawa, tanga kwa tanga, usukani kwa usukani, ili ushindi uwe wa mtu na si wa fundi. Mstari wa kuanzia ni wa kufikirika, baina ya mashua ya waamuzi na boya, na hesabu ya dakika tano inatolewa kwa bendera na honi. Atakayeuvuka kabla ya wakati atarudi nyuma aanze upya au atahesabiwa kosa. Boya la mwanzo linawekwa upepo unakotoka, kwa hiyo wote wanalifuata kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kushoto na kulia, wakipishana kwa shibiri. Chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto kinampisha kinachoupokea kwa ubavu wa kulia, na asiyepisha anashtakiwa mbele ya waamuzi wakifika nchi kavu. Tena hazichezwi mbio moja. Zinachezwa nyingi, kwa siku kadhaa. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, wa kumi 10, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mbio yako mbaya kuliko zote huwa inatolewa kwenye hesabu. Mchezo huu unamtaka mtu asiyeshinda kila siku lakini haharibu siku hata moja.

Nimewatazama vijana wa Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi walipojaribu mashua ndogo za wageni, na nililoliona limenipa matumaini na limenipa wasiwasi. Matumaini ni kwamba wanausoma upepo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekulia kwenye dau la babu yake anauona mvumo unakuja juu ya maji kabla haujamfika, anajua mkondo unavuta wapi maji yakipwa, anajua nyuma ya mwamba gani upepo hufa. Kocha wa Ulaya hutumia miaka kumfundisha mtoto haya. Wasiwasi ni kwamba ngalawa imewafundisha tabia moja ambayo kwenye mashua ya mashindano ni hasara. Kwenye ngalawa kugeuza chombo ni kazi nzito: foromali, yaani mti unaobeba tanga, ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, aliyekaa kwenye rengu, yaani mti wa pembeni unaozuia chombo kupinduka, ahame, tanga lipoteze upepo na mwendo upotee nalo. Ndiyo maana nahodha mwenye akili huepuka kugeuza. Atashikilia upande mmoja kwa muda mrefu kadiri awezavyo. Kwenye mashua ya ILCA, mashua ndogo ya mashindano ya mtu mmoja, kugeuza ni jambo la sekunde chache, na bingwa hugeuza kila upepo unapobadilika kidogo, ili kila mara awe upande unaompeleka karibu zaidi na boya. Vijana wetu wanakwenda kasi, wanakwenda mbali, kisha wanapitwa na mtoto mdogo wa Kizungu asiye na nguvu zao lakini amegeuza mara nane wao wakageuza mara mbili. Hili linafundishika. Halihitaji kipaji kipya. Linahitaji mtu wa kulifundisha, maboya matatu, na vyombo vinavyofanana.

Juu ya vyombo, naomba msidanganyike na picha za mashua za mabilioni. Kwa watoto wasiozidi miaka 15 duniani kote kinatumika kidau kiitwacho Optimist. Urefu wake ni kama mita 2.3, uzito kilo 35, tanga lake moja tu. Kilichorwa Florida mwaka 1947 na mtu aitwaye Clark Mills, kwa makusudi kwamba mzazi wa kawaida aweze kukiunda kwa plaiwudi. Mpaka leo kanuni za chombo hiki zinaruhusu kiundwe kwa mbao. Waheshimiwa, tuna Nungwi! Tuna mafundi ambao wanaunda jahazi zima kwa jicho, bila ya ramani. Wapeni ramani ya Optimist, wapeni plaiwudi ya baharini na gundi yake, waunde za kwetu za mazoezi. Mtoto wa Nungwi ataendesha chombo kilichotoka mikononi mwa mjomba wake, na fundi atakuwa amepata kazi wakati oda za majahazi zinazidi kupungua.

ILCA ni jambo jengine. Hii ndiyo iliyokuwa ikiitwa Laser, ya Bruce Kirby, na haiundwi na kila mtu; lazima itoke kwa mtengenezaji mwenye kibali, kwa sababu hilo ndilo linalohakikisha usawa. Hizo hatuna budi kununua. Lakini bei ya gari moja kubwa la ofisi inanunua kundi zuri la ILCA zilizotumika, na hodi moja bandarini Malindi ya kuomba msamaha wa ushuru inapunguza mzigo. Nawaomba pia, atakayenunua asinunue kwa kufuata jina la bingwa. ILCA 7, yenye tanga la mita za mraba 7.06, inamtaka mtu mzito, wa kilo themanini na zaidi, ili aweze kuilalia upepo unapokaza. Vijana wetu wengi hawafiki huko. Wao wanafaa ILCA 4 yenye tanga la mita 4.7, kisha ILCA 6 yenye mita 5.76, ambayo kwenye Olimpiki ndiyo ya wanawake. Tukinunua kubwa kwa ajili ya sifa, zitakaa bandani zikiota jua. Jambo jengine la kutia moyo ni kwamba kwenye Olimpiki mashua za ILCA hutolewa na mwenyeji. Mchezaji anakwenda na mwili wake, akili yake, na nguo zake za maji.

Ubao wa tanga nao una hesabu zake. Uliingia Olimpiki mwaka 1984 kwa wanaume na 1992 kwa wanawake, na kwa miaka mingi ulikuwa ni ubao unaokata maji. Tangu Paris 2024 mambo yamebadilika: sasa ubao una bawa chini yake, uko juu ya nguzo ya karibu mita moja, na ukishika kasi ubao wote unatoka majini. Kwa pwani yetu ya mashariki hili si dogo. Paje na Jambiani ndani ya mwamba maji yakipwa hayafiki magotini, na pale pale pana mashamba ya mwani ya mama zetu, kamba na vigingi. Bawa hilo litagonga jiwe, au mbaya zaidi litakata kamba ya mwani ya mtu, na hapo mchezo utakuwa umeshachukiwa kijijini. Kwa hiyo watoto waanzie kwenye ubao wa kawaida wa Techno 293, ambao ndio uliozoeleka duniani kwa vijana, wachezee maji yakijaa, kwenye njia iliyokubaliwa na sheha na kamati ya wavuvi na wakulima wa mwani. Wa bawa wapelekwe kwenye maji ya kina: Fumba, Nungwi, na Pemba. Ramani ya nani atumie maji yapi na saa ngapi ni kazi ambayo Wizara ya Uchumi wa Buluu inaiweza kuliko sisi walimu.

Naja kwenye jambo linaloniuma. Paje leo inajulikana dunia nzima kwa kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara kubwa. Kaskazi na kusi, mbingu ya pale imejaa rangi. Na anayewafundisha wale wageni, kwa sehemu kubwa, ni kijana wa hapa hapa, wa Paje, wa Bwejuu, wa Jambiani. Wapo ambao nimewasomesha darasani. Wanaruka, wanageuka hewani, wanampokea mgeni asiyejua kuogelea na baada ya wiki moja anakwenda mwenyewe. Na kaiti nayo imeingia Olimpiki, Paris 2024. Lakini kijana huyu hana kadi ya chama cha mchezo, hana matokeo yaliyoandikwa mahali popote, hajawahi kusimama kwenye mstari wa kuanzia na watu wa umri wake kutoka Kenya au Msumbiji. Akifika miaka thelathini magoti yamechoka, na kilichobaki ni picha zake kwenye simu za wageni. Niliwahi kupeleka maombi kwenye ofisi moja ili vijana kadhaa watambuliwe kama wanamichezo, wapate barua tu ya kuwasaidia kusafiri. Sikupata jibu, si la ndiyo wala la hapana. Ofisi hiyo siitaji, kwa sababu sitaki barua hii iwe ya kumshtaki mtu. Nataka tu mjue kwamba wapo wanaosubiri, na kusubiri kwa mchezaji kuna mwisho wake.

Tuzungumze na habari za wasichana, kwa sababu nikinyamaza itadhaniwa nimekubali kwamba mchezo huu ni wa wavulana. Jirani zetu Msumbiji wana Deizy Nhaquile, binti aliyeshindana kwenye mashua za tanga katika Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Tokyo hakwenda peke yake. Wenzake wawili, Denise Parruque na Maria Machava, walishindana kwenye mashua ya 470, ya watu wawili. Msumbiji si tajiri kutuzidi. Ina bahari kama yetu, na ina chama kilichoamua kuwatafuta watoto wa pwani na kuwatia kwenye mashua mapema.

Wazazi wa Zanzibar watauliza juu ya stara, na ni haki yao kuuliza. Nawajibu hivi: mchezo huu ni katika michezo michache ambayo nguo ya kufunika mwili mzima haimpunguzii mchezaji chochote. Mabaharia wa kila dini huvaa nguo ndefu za kuzuia jua, chumvi na baridi, na jaketi la kuokolea juu yake. Mtandio wa kubana chini ya kofia hauna tatizo. Kule Nungwi wasichana wameshafundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri, na wazazi waliokuwa na wasiwasi mwanzo walikuja wenyewe kutazama. Na kuogelea ndiyo darasa la kwanza la mchezo wa tanga; hakuna mtoto atakayepanda kidau kabla hajaweza kukaa juu ya maji. Sisi ni watu tuliozika ndugu zetu wa Spice Islander Septemba 2011, na wa Skagit Julai mwaka uliofuata. Mchezo unaomfundisha mtoto wa kike na wa kiume kuogelea, kuvaa jaketi, kuitazama hali ya hewa na kukataa kuondoka kukiwa na hatari, skuli inauhitaji hata kama hautaleta medali moja.

Kwa wanaotaka mfano wa serikali iliyoamua, tazameni Omani, nchi ambayo damu yetu na yake imechanganyika kwa karne. Mwaka 2008 serikali yao ilianzisha mradi wa Oman Sail ili kuurudisha urithi wa ubaharia kwa vijana. Mwaka uliofuata Mohsin Al Busaidi akawa Mwarabu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga bila ya kutia nanga, akiwa na wenzake kwenye chombo Musandam. Mwaka 2010 Maskati ikaandaa Michezo ya Ufukweni ya Asia, na mashindano ya tanga yakapelekwa Al Musannah. Pale pale, mwaka 2013, yakafanyika mashindano ya dunia ya Laser ya wanaume. Waliianza kazi hii kama tunavyoweza kuianza sisi, kwa michezo ya kanda, na eneo lililojengwa kwa michezo hiyo likaendelea kufanya kazi baadaye. Mahusiano yetu na Maskati ni mazuri. Kuomba makocha wawili waje Unguja na Pemba kwa msimu mmoja, au kupeleka walimu wetu kule wakasomee uamuzi na ufundishaji, ni ombi dogo baina ya ndugu. Shirikisho la dunia la mchezo huu, World Sailing, nalo lina mpango wa kuzisaidia nchi zinazoanza kwa mafunzo, na mipango kama hiyo hupitia kwa chama cha taifa. Kwa hiyo mkono wa Dar es Salaam, ambako kuna klabu ya mashua Msasani yenye uzoefu wa mashindano, tunauhitaji na tunauomba.

Na Pemba. Nimezaliwa huko, kwa hiyo nitasema kwa nguvu. Kila mradi unaoanzia Unguja kwa ahadi kwamba "awamu ya pili ni Pemba" unajulikana mwisho wake. Kwa mchezo huu Pemba ndiyo yenye maji bora. Upande wa magharibi, kutoka Wete mpaka Mkoani, kuna ghuba zenye kina, zimekingwa na visiwa, Fundo, Misali, Kisiwa Panza, na mtoto anaweza kufanya mazoezi kusi likiwa limekaza bila ya kutupwa bahari kuu. Upande wa mashariki iko Kojani, na kama kuna mtu Zanzibar asiyejua Mkojani ni nani baharini, akaulize bandari yoyote kutoka Lamu mpaka Kilwa. Naomba vituo viwe viwili tangu siku ya mwanzo, kimoja Unguja, kimoja Wete au Mkoani, vyenye idadi sawa ya vyombo. Mashindano ya Unguja na Pemba yatakuwa ndiyo mchujo wetu, na nina hakika yatatazamwa.

Nani avisimamie? Nina pendekezo. Kwetu Zanzibar mchezaji hupata riziki yake kwenye vikosi. Tunajua timu za KMKM, JKU, Mafunzo na nyenginezo zilivyowalea wachezaji wa mpira, wa riadha, wa netiboli. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni watu wa baharini kwa kazi yao, wana boti, wana waokoaji, wana redio. Wakiunda timu ya tanga, kijana wa Tumbatu atakayeonyesha kipaji atakuwa na ajira, atakuwa na chombo cha mazoezi kila siku, na boti ya uokozi itakuwa karibu naye. Skuli zitawalea wadogo, KMKM itawapokea wakubwa. Na sisi walimu tuko tayari kusomeshwa uamuzi wa mchezo huu, kwa Kiswahili, pamoja na manahodha wazee wa resi za ngalawa ambao wanaheshimika vijijini na ambao neno lao kwenye ugomvi wa mbio linasikilizwa.

Waheshimiwa, ninayoyaomba kwa mwaka huu wa mwanzo ni machache. Barua ya pamoja kwenda Komoro kabla orodha ya michezo yao haijafungwa. Chama cha mchezo wa tanga cha Zanzibar kisajiliwe Barazani na kiunganishwe na cha Tanzania. Oda ya Optimist kwa mafundi wa Nungwi. ILCA 4 na mbao za Techno kwa vituo viwili. Mbio za siku tatu, za vyombo vinavyofanana, zifanyike Januari pembeni ya sherehe za Mapinduzi, kaskazi likiwa limetulia, na matokeo yake yaandikwe na yatangazwe kwa majina ya watoto na skuli zao. Sherehe hizo zina Kombe la Mapinduzi la mpira linalowaleta watu kutoka nje. Nafasi ya mbio za watoto haitakosekana.

Tunaomba jibu la maandishi, lipelekwe kwa maofisa michezo wa wilaya zote, Unguja na Pemba, ili walimu tujue ni watoto gani tuanze kuwafundisha kuogelea muhula ujao.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa michezo,
Mkoa wa Kusini Unguja